Malkia Mfukoni

Asubuhi Rimvydas ameniletea malkia mpya
katika kizimba kidogo kuliko kiberiti,
na watumishi sita wa kumlisha njiani.
"Mtie mfuko wa kifuani," akasema, "asipate baridi.
Yule bikizee wako mbonyeze kichwa leo leo.
Malkia wa mwaka wa tatu ni mdeni, Genovaitė:
halipi, wala hafi."

Akaenda zake kwenye mizinga yake themanini,
ambayo hata mmoja hauna jina.

Mimi ninayo minne.
Huu wa kijani, chini ya mtufaha,
uliamka Aprili na uchovu.
Theluji ilipoyeyuka jirani zao walirudi na chavua
mapajani, manjano ya kiini cha yai;
wao walitoka mmoja mmoja, kama watu
wanaochepuka kanisani kabla mahubiri hayajaisha.

Ninafungua. Moshi kidogo tu.
Fremu ya nne: majana yamepandwa kama shamba la mvivu,
hapa mbegu, hapa pengo, hapa pengo,
na vifuniko vya madume vimevimba
mahali pa vibarua.
Rimvydas hakusema uongo.
Yai halitagwi kwa huruma,
na kiangazi chetu ni kifupi kama shati la mtoto.

Fremu ya tano, huyu hapa.
Anakwenda polepole, mbawa zimechanika ncha,
na mgongoni lile doa jekundu
alilomtia Zigmantas kwa rangi yangu ya kucha,
pumzi ameizuia, miwani puani,
mkono uliokwisha kuanza kutetemeka
ukatulia kwa nukta ile moja.
Chupa ilikauka. Nimeulizia dukani Telšiai.
Rangi hiyo hawatengenezi tena.

Kwa lugha yetu ng'ombe hufa, mbwa hufa,
nyuki hufariki.
Ndilo neno nililoiambia mizinga Februari,
nikibisha kwa ufunguo wa nyumba, ubao kwa ubao:
bwana wenu amefariki.
Huu wa kijani ulivuma, ukanyamaza.
Leo nimesimama juu yake na vidole viwili.
Nikimbonyeza, nitalitumia neno gani?

Na mfukoni yule kijana anatetemeka
kama simu isiyopokelewa.
Hana kosa lolote.

Ninaigeuza fremu, kuahirisha tu.
Katikati ya sega, si pembeni,
linaning'inia ganda moja, refu, la vinundu,
kama karanga iliyofukuliwa sasa hivi.
Hawakuniuliza.
Wameshamlea wa kumrithi, nao bado
wanamlisha bikizee, wanamlamba, wanampisha njia
anapopita juu ya ganda la mwanawe.

Binti huenda asitoke. Huenda akatoka, akaruka kwenda kuolewa,
mbayuwayu akamdaka.
Ninayajua hayo. Ninaifunga mizinga hii mwaka wa arobaini.
Ninakirudisha kifuniko, na jiwe juu yake.

Kutoka mzinga wa nne nachukua fremu mbili,
zimejaa, nzito, na nyuki juu yake,
naziweka ndani ya kisanduku cha makamba,
na kizimba katikati yake. Peremende mlangoni
wataitafuna siku tatu, wazoeane.

Watoto niliwaahidi Krismasi kwamba nitapunguza.
Sasa ni mitano.

Jioni nitampigia Rimvydas nimwambie nimembonyeza.

Hapana.
Nitamwomba aniuzie mzinga mtupu.