Nyumba ya Bangwe

Tangazo tuliliandika juu ya friji,
kalamu anayo Nyanzobe:
*Inapangishwa. Vyumba viwili, sebule, maji yapo.*
Akasita. "Baraza tuseme inatazama ziwa,
au hilo tulibakize letu?"

Miaka kumi na moja tuliijenga.
Mabati yalisafiri kwa treni kutoka Tabora,
nami karani wa mizigo nikayapima mwenyewe,
nikajitoza mwenyewe; risiti ninazo.
Nyumba ya likizo! Ujiji walicheka:
siku kumi na nne analala karani,
zilizobaki wanalala popo.

Hali ngumu haivunji mlango.
Inabisha hodi, inavua viatu, inakaa.
Sukari ikapanda, nauli ikapanda,
mafao yangu yakabaki yamekaa kitako
na ada ya Gwimo iko mlangoni.

Akaja Feza, mwuza dagaa,
leo Kalemie, kesho Kibirizi.
Akapita akigonga kuta kwa vidole
kama anayechagua tikiti maji.
Ziwa hakulitazama.
Ziwa kwake ni ofisi, na nani huenda likizo ofisini?
Aliuliza jua linapiga upande gani.
Jua! Miaka yote tulilikimbia na viti vyetu,
yeye analihesabu kwa magunia.

Chumba kimoja tulikifunga.
Ndani mna vikombe vya bluu, vitano,
mpira wa tairi aliojifunzia Gwimo kuogelea,
na kandambili zenye mchanga
ambao Nyanzobe amekataa kuukung'uta.
Kufuli nililinunua Mwanga, la bei,
nikaona haya kidogo
kumfungia mtu ambaye hajatuibia.

Miezi miwili kodi ilikuja kwa mlio mdogo wa simu.
Wa tatu, kimya.
Ziwa limefungwa, samaki wapumzike.
"Samaki wana likizo," alisema Nyanzobe,
"wasio nayo ni sisi."
Nikayapanga maneno makali, moja juu ya jingine,
ndipo wakanipigia stesheni:
Karani, una mzigo wako huku.

Magunia mawili ya dagaa, yameshonwa kwa uzi wa nyavu,
na kikaratasi: *Kodi. Ndiyo akiba yangu.
Uza huko, Tabora bei nzuri. Ikizidi utanirudishia.
Ikipungua nitaongeza.*
Samahani hakuiandika.

Basi mwenye nyumba, mstaafu, na miwani yangu,
nikashika kopo la kupimia
kati ya muuza asali na muuza karanga,
nikiita watu kwa sauti niliyozoea kuitia mabehewa:
Wa Kigoma hawa! Hawana mchanga!

Ilizidi elfu kumi na tatu.
Nyanzobe akahesabu mara mbili, akaiweka mezani,
tukanywa chai ya rangi tukiitazama.
Elfu kumi na tatu ni mafuta ya kula.
Elfu kumi na tatu nani angejua?
Asubuhi nikaituma,
na ya kutolea juu yake.

Desemba tulikwenda. Tulifikia gesti,
dirisha linatazama ukuta wa gesti nyingine.
Tukabeba sukari kilo moja
tukabisha hodi kwenye mlango wetu.

Baraza yote dagaa, fedha tupu, ukuta hadi ukuta.
Feza akakunja pembe ya turubai,
ikapatikana nafasi ya watu wawili.
Tukakaa. Ziwa lilikuwa palepale.
Nyanzobe akaninong'oneza: "Harufu hii haitoki tena."
Kisha akaniomba ufunguo.

Alirudi na vikombe vya bluu,
akavisuuza kimoja kimoja.
Sisi wawili, Feza, mama yake, na mtoto:
vikatosha.

Mlango aliuacha wazi.
Feza akachungulia ndani, akapima kwa macho,
akagonga ukuta mara mbili:
"Na hiki, mnakipangisha kwa ngapi?"