Hesabu ya Paa

Rimvydas ameketi mezani na kalamu ya risasi
aliyoichonga mara mbili kabla ya kuandika chochote.
Saa kumi tu, na Lithuania imeshavuta giza hadi kidevuni,
naye anapiga hesabu ya jua.

Paneli kumi na mbili. Euro elfu sita na mia nne,
ndani yake inveta, nyaya, na vijana wawili wa kupanda ngazi.
Serikali itarudisha elfu moja na mia tano
fomu ikijazwa sawasawa, na Rimvydas
hajawahi kukosea fomu:
miaka thelathini alikuwa mhasibu wa kiwanda cha jibini.
Bili yetu ya mwaka, mia tano na arobaini.
"Miaka tisa," anasema, "pesa itakuwa imerudi nyumbani,"
kana kwamba pesa iliitwa jeshini.

Miaka tisa.
Mimi nina sabini na moja.
Yeye yuko mwaka mmoja mbele yangu
na goti moja nyuma.

Mwezi wa kumi alikuja muuzaji, Tautvilas,
viatu vyake havijawahi kuonja tope.
Akalipima paa kwa simu, akatabasamu,
kisha akaiona dohani, tabasamu likashuka ngazi.
Kiota kile. Kizito kama mkokoteni wa nyasi,
korongo wamekijenga juu ya moshi wetu tangu kabla ya harusi.
Kivuli chake, alisema, kitalala juu ya paneli nne
kuanzia saa nne hadi adhuhuri,
na paneli iliyolaliwa haifanyi kazi,
kama mtu yeyote.
"Kukigusa ni kosa kisheria, wawepo wasiwepo.
Halafu, samahani mama, wananya."

Wasiwepo! Wako kusini sasa, mbali,
wanachota jua kwa miguu, bila mita.

Nikasema: zizi.
Nilisema nikimenya viazi, sikuinua uso.
Zizi la Margė liko tupu tangu tulipomuuza,
bati lake zima, hakuna dohani, hakuna ndege.
Rimvydas akanyamaza kama anayehesabu chenji.
Bati lile linatazama mashariki, akasema,
litakunywa asubuhi tu na kusinzia mchana:
asilimia kumi na nane pungufu.
Akafuta tisa. Akaandika kumi na moja.
Akapuliza vumbi la kifutio juu ya viazi vyangu.

"Na theluji?"
"Nimeitoa Desemba yote. Na Januari."
"Na inveta ikifa?"
"Nimeizika mwaka wa kumi na mbili."
"Na sisi?"
Hapo kalamu ikakosa safu ya kuandikia.

"Nani atakula faida?" aliuliza baadaye,
akiuliza dirisha zaidi ya kuniuliza mimi.
Nikamkumbusha Giedrius.
Tulimsomesha miaka kumi na saba,
leo anachomelea meli Stavanger
na kutupigia simu Jumapili, ikiwa hakuna mpira.
Uliwahi kukaa na karatasi, mzee wangu,
kupiga hesabu yule atajilipa lini?
Hakujibu. Aliichonga kalamu,
ikabaki fupi kama kidole gumba.

Usiku mita ilikuwa ikila ukutani, tiki, tiki,
kama panya anayejua hakuna paka.

Saini haitaki risasi, inataka wino.
Kalamu ya wino iko kwenye droo,
chini ya risiti ya ng'ombe.
Sikumwambia, wala hakuuliza.

Asubuhi nimekuta nyayo zake kwenye theluji,
moja nzito, moja ya kuburuta,
hadi zizini na kurudi, hadi zizini na kurudi.
Futi ya kupimia imelowa juu ya meza,
na chini ya jumla yote, kwa mwandiko wa kiwandani:
*Korongo, gharama: miaka miwili. Imekubaliwa.*

Nimefungua droo.