Kumtafuta Mbaya

Wanafunzi wangu hapa Kitangari waliniomba mbaya.
Mchezo wa kufunga shule, mwalimu, haunogi bila mbaya.
Nikawaandikia mnunuzi wa kangomba,
miwani nyeusi, mizani ya kuchezea, kicheko cha fisi.
Walimzomea, wakacheka, wakaendelea kutafuna korosho.
Hakuna aliyeogopa.

Usiku, taa ya sola ikififia juu ya daftari,
akaja Dadi Namkonda bila kuitwa,
na kandambili zake zilizoshonwa kwa waya,
na shati lile lile, Jumatatu mpaka Jumamosi.

Katibu wa chama. Hakuiba hata senti,
nalisema hilo kwanza.
Alitupenda. Alitupenda kwa jumla,
kama mtu apendavyo mvua
asijue paa la nani linavuja.

"Mama zetu hawatashuka tena bondeni na ndoo!"
Sauti ikamkatika, nasi tukapiga makofi huku tunalia.
Akakata mia kwa kila kilo.
Kisha mia tatu.
Kisha malipo yote ya msimu,
kwa ajili yenu, jamani, kwa ajili ya wajukuu.
Mabomba yalikuja kweli. Yamelala hadi leo nyuma ya ghala,
mijusi wanazaliana ndani.

Somoe alimwendea, mtoto mgongoni anachemka.
"Nipe zangu za magunia mawili tu, katibu."
Machozi yalimtoka Dadi. Ya kweli, niliyaona.
"Nikikupa wewe, Somoe, nitakuwa nimewaibia watu elfu."
Somoe akageuka kuwatafuta hao watu elfu.
Palikuwa na mbuzi,
na mimi, niliyeshika kalamu ya makato.

Kaburi dogo lile alilichimba Dadi mwenyewe.
Tulitaka kumpokea jembe, akakataa.
Kesho yake aliamka alfajiri, viganja vimechubuka,
akaniambia niandike mia nne.

Nimemfuta yule wa miwani.
Nafasi nimempa Shaweji,
mvulana anayegawa muhogo wake wa saa nne
mpaka anabaki na ganda.
"Mwalimu, huyu mbona hana ubaya?" aliniuliza.
Nikamwambia, soma tu, soma kama unavyoamini.

Jana mazoezini alisoma.
Darasa likanyamaza, hata walio madirishani.
Halafu mmoja, kule nyuma,
akaanza kupiga makofi.