Hodi Elfu Sitini na Tano

Saa nane usiku, Võru. Theluji imefika madirishani.
Virve Kallaste amepewa barua yenye muhuri wa hospitali:
anaruhusiwa kuvunja alichoajiriwa kukilinda.

Hakuja na nyundo. Ana mistari arobaini ya skripti,
mingine ameirithi, mingine ameiunga mwenyewe
kama mtu anayetia viraka koti la marehemu.
Anabonyeza, nayo inatoka kwenda kupiga hodi.

Hodi kwa kompyuta ya mapokezi: kimya.
Hodi kwa mashine ya eksirei: nani wewe?
Hodi kwa jokofu la damu: pamefungwa, rudi ulikotoka.
Hodi elfu sitini na tano kwa kila nyumba,
haichoki, haioni haya,
haijui kwamba watu wamelala.

Heino, mlinzi, anachungulia.
“Umeshika mwizi?”
“Bado. Nahesabu milango.”
“Yangu ni sita tu. Wa chumba cha maiti haufungi,
lakini hajatoroka mtu.”

Saa tisa na robo, mlango mmoja unasema karibu.

Karibu tu, bila kuuliza jina.
Ni kimashine cha kupima joto la wodi ya watoto njiti,
orodha zote zimekisahau.
Ndani yake mna skripti ya zamani,
na ndani ya skripti mna nywila, wazi,
ufunguo uliolazwa chini ya zulia la mlangoni.

Anaitambua kabla hajaimaliza:
jina la paka wake, na mwaka aliohitimu.
Juu yake, maneno aliyoyaandika akiwa na haraka ya ujana:

# ya muda tu. nitarekebisha jumatatu

Jumatatu mia sita na ushee.
Watoto waliolindwa na jina la yule paka
sasa wanakwenda shule, wana nywila zao za kuficha.
Paka mwenyewe yuko chini ya mti wa tofaa, kwa mama.

Angeweza kufuta. Mistari miwili, nani angejua?
Kidole kinakaa juu ya kitufe
muda wa chai kupoa kabisa.

Kisha anaandika: Hatari: kubwa.
Anaandika: Chanzo:
Anavua miwani, anaifuta, anaivaa.
Anaandika jina lake, lote, na la ukoo.

“Vipi,” Heino anauliza akipita tena, “umempata?”
“Nimempata.”
“Yuko wapi?”

Skripti haikungoja jibu.
Ilikwishafika nyumba ya pili,
inapiga hodi.