Bakuli la Nyachwo

Ninayo kumi na moja.
Hapa Tororo wanasema nina wazimu wa vioo:
mzee mzima, mstaafu wa reli,
anapangusa vumbi kwenye mabakuli yasiyoliwa.

Waseme. Hawajapitisha kidole ukingoni.
Hili limekunjwa mabega kama gomesi ya arusi.
Hili lina meno, madogo madogo,
ya mtoto anayeanza kung'oa.
Hili ni kaharabu. Na hili
ni mafuta ya taa yaliyomwagika dimbwini:
ligeuze, zambarau; ligeuze, kijani;
likodolee macho, halina kitu.

Yote yametoka kalibu moja.
Chini, kwenye duara la maua manane,
ua la saba lina petali nne, si tano.
Fundi alipitiwa, au tindo iliteleza,
na kosa lake likazaliwa mara elfu,
likapanda meli, likapanda gari moshi letu,
likauzwa dukani kwa Velji
hadi mwaka ule wa siku tisini,
Velji alipobeba sanduku moja
na rafu zikabaki zimejaa.

La kwanza nilibadilishana kwa tairi la baiskeli.
La tano lilikuwa kanisani, limejaa vishina vya mishumaa.
La tisa nimeliunga kwa gundi. Usiliguse.

La kumi na mbili liko Nagongera, kwa Nyachwo,
uani, kuku wanalinywea maji.
Jumamosi nilikwenda, noti ndani ya soksi.
Akazitazama, akanitazama,
kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.
"Na kuku wangu wanywe wapi?"

Nikainama nijifunge kiatu, nipate kufikiri.
Jua likapita majini, likapita kiooni,
likamwaga juu ya vumbi duara la buluu
linalotetemeka kila kuku alipodonoa:
maua manane, makubwa kuliko kiganja changu,
na la saba, pungufu, likicheza na wenzake.

Miaka ishirini nayafungia kabatini.
Sijawahi kuyaona yakifanya hivyo.

Akanipa karanga za kuchemsha.
Tukazungumza habari za mihogo.
Nikarudi na noti zangu, zimelowa jasho.

Usiku huu nimelitoa lile la kaharabu,
nimelitia maji, nimeliweka dirishani.
Kuku sina.
Dirisha langu linatazama mashariki.