Njia Zilizobadilika Wiki Hii

Wenzangu wa viatu vilivyotoboka kidole gumba,
assalaamu alaykum.
Kwanza karafuu.
Tangu Jumatatu majamvi yametandikwa Kipangani
ukingo mzima wa lami, kutoka kwa fundi baiskeli hadi skuli,
na atakayekanyaga jamvi la mtu msimu huu
asije akasema sikumwambia.
Njia ile nimeifuta kwenye ramani, kwa muda.
Piteni nyuma, kwenye mihogo.
Mita mia tatu zaidi, lakini mtarudi mnanukia.

Pili, uwanja wa Bi Time.
Ni kweli ramani iliwapitisha
baina ya jiko lake na banda la kuku,
na ni kweli mlipita kumi na wanne, alfajiri, kimya kama wezi.
Nilikwenda kumtaka radhi na sukari kilo mbili.
Akanisikiliza. Akauliza:
"Hivyo mnamkimbia nani?"
Nikasema hatumkimbii mtu, bi mkubwa, tunakimbia tu.
Akavitazama viatu vyangu muda mrefu
kama anayesoma barua ya mahakama.
"Basi piteni. Lakini mpige hodi."
Kwa hiyo pale, kilomita ya pili na nusu,
nimeandika kwenye ramani: HODI.
Asiyepiga arudi mwanzo.

Tatu, Faki.
Mmeuona wote mstari wake wa Ijumaa,
umetoka Mtambwe ukaingia kwenye buluu tupu
ukaenda, ukaenda, ukarudi,
mtu na viatu vyake juu ya bahari.
Nimepokea maswali. Mmoja kutoka Tanga
anataka kujua kama huku tuna mawalii.
Hapana. Tuna bamvua.
Maji yalikuwa yametoka, mchanga mgumu kama sahani,
na Faki akavuka hadi Mtambwe Mkuu
huku waokota chaza wakimcheka kwa makapu yao.
Aliyechora ramani aliitia bahari rangi moja, akenda zake.
Hakungoja saa sita aone inavyojifunua.
Mstari sikuufuta. Nimeongeza maneno:
Njia hii ipo siku za bamvua tu, na haimngoji mtu.
Waulize wenye makapu. Usiulize simu.

Kilima cha Limbani kipo palepale.
Mbarouk, niliyempa kazi ya kukieleza kwa wageni,
ameleta hiki:

    Kile kilima Limbani, chadai kwanza pumzi,
    Goti huuliza: lini, utaacha upuuzi?
    Ukifika kileleni, na kushuka ndiyo kazi,
    Mie sipandi, jamani, nawangojea na ndizi.

Nikamuuliza, mita ngapi?
Akasema zimo humo humo, nihesabu mizani.

La mwisho nimelizungukia tangu asubuhi.
Raya, aliyetuchorea njia ya kwanza
kwa penseli, nyuma ya kalenda ya duka la saruji,
yuko Maskati tangu Machi, analea watoto wa watu.
Kutoka nje haruhusiwi.
Anakimbia darini, usiku, wakishalala,
peku, asisikike chini.
Jana akaniletea mstari wake: fundo tu,
kama uzi uliomponyoka mshonaji,
kilomita nane ndani ya upana wa vyumba vinne.
Hakuandika neno.
Nikauchukua, nikauvuta juu ya ramani yetu,
nikauweka Wete, nione angekuwa anapita wapi.
Nilijaribu Bandarini. Nilijaribu uwanja wa mpira, ukapotea kama punje.
Mwishowe ukakaa sawasawa kwa Bi Time,
wote, kilomita zote nane,
baina ya jiko na banda la kuku.

Leo nilipofika pale nilipiga hodi mara mbili.
"Karibuni," akaitika ndani, kwa wingi,
na mimi nilikuwa peke yangu.

Jumapili tunaanzia Bopwe, baada ya sala.
Mje na maji. Ndizi anazo Mbarouk.