Foleni ya Dawa ya Presha

Milima haikutani, watu husema,
na ndiyo maana sisi tulisomea madaraja:
arobaini na mmoja, Kutaisi, mwaka ule wa kiza,
umeme hakuna, mkate kwa kuvizia,
profesa akichora nguzo ubaoni na glavu mkononi,
chaki ikimponyoka kwa baridi.

Leo asubuhi, foleni ya dawa ya presha,
mtu wa mbele yangu akageuka.
Khatuna!
Nywele kazikata, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi,
na kicheko ni kile kile,
kama maharage yanayomiminwa kwenye sufuria.
"Wee! Bado uko hai?"
"Uhai wenyewe ndio huu naupangia foleni."

Basi akaanza. Hakungoja hata zamu isogee.

Gocha, aliyenakili mtihani wangu
mpaka akanakili na jina langu,
sasa ni mkaguzi wa barabara. Ana tumbo, ana muhuri.
Lela yuko Italia, mjini Bari, mwaka wa kumi na moja,
anamwogesha bibi wa watu anayemwita Marisa.
Marisa alikuwa binti wa bibi. Alishakufa.
Lela huitika.
Zaza ana teksi Batumi. Mamuka, peke yake kati yetu,
alijenga daraja kweli, huko nyika za Kazakhstani,
juu ya mto unaopita miezi miwili kwa mwaka.
Juzi amewekewa vyuma viwili moyoni.
"Naye sasa kapata nguzo," Khatuna akasema,
akagonga mbao ya kaunta kufukuza nuksi.
Na Tsiuri? Aliolewa na yule wa glavu.
Usicheke. Wameachana,
wanaishi jengo moja, ghorofa mbalimbali,
na kila Jumapili humpandishia supu.

Nilicheka. Lakini nilikuwa nahesabu.
Nilikuwa nangoja jina moja
kama mtu angojavyo namba yake iitwe dirishani,
bila kuinua macho.

Nikauliza habari za Nino.
Nikauliza habari za mlinzi wa bweni,
na mbwa wa mlinzi. Mbwa wa miaka thelathini!
Khatuna akajibu yote, hata ya mbwa.
Kisha, akipekua mkoba kutafuta cheti cha daktari:
"Ah, hiyo ilikuwa kabla ya msiba wa Vazha,"
kama mtu asemaye *kabla ya Pasaka*.

Nikasema, "Ehe."
Nikasema, "Ndiyo, kabla ya hapo."
Sijui kwa nini nilijifanya najua.

Vazha aliniazima rula ya hesabu,
ile ya kuteleza, ya marehemu babake,
maana betri za kikokotoo zilikuwa dhahabu.
Usiku wa kuamkia mtihani, mshumaa mmoja, vichwa viwili,
nta ikidondokea mto tuliouchora.
"Utanirudishia," alisema.
Hakusema lini.
Nami nilikuwa na haraka zangu,
mahari ya mwingine ilikwisha kupokelewa.

Dirisha likamwita Khatuna. Akalipa,
akahesabu chenji mara mbili, mhandisi mpaka kwenye sarafu.
"Na wewe je?" mkono tayari uko mlangoni.
Miaka ishirini na sita,
mlango wazi, baridi inaingia, watu nyuma wanaguna.

"Nipo," nikasema.

Rula imo kabatini, chini ya vitambaa vya meza.
Nimeitoa jioni hii kabla ya kidonge.
Bado yateleza, inakwama kidogo penye tatu.
Nimezidisha mbili kwa mbili.
Imenipa nne,
na kitu kidogo juu yake
ambacho macho yangu ya sasa hayakisomi.